Sentimita na Mililita: Upasuaji wa Kupunguza Uzito Doha

Upasuaji wa kupunguza uzito hauondoi mafuta. Kinachoguswa ni mfuko wa chakula, na katika baadhi ya njia utumbo mwembamba pia. Mafuta huisha yenyewe polepole, kwa mwaka mmoja au mwaka na nusu unaofuata. Kwa hiyo kazi ya daktari ni ya vipimo kuliko ya kisu: mfuko ukatwe kuanzia sentimita ngapi juu ya mlango wake wa chini, ubaki na nafasi ya mililita ngapi, utumbo uunganishwe wapi, na kama kuna kifaa kinachowekwa, kikae wapi na kishikizwe na nini. Tofauti ya upana wa kidole yatosha kumwachia mgonjwa kiungulia cha maisha, au kumrudisha mezani kabla ya wiki kuisha.

Qatar ina kila sababu ya kuijua kazi hii. Nchi iliyoishi kwa kupiga mbizi za lulu hadi miaka ya 1930 ilianza kusafirisha mafuta mwaka 1949, na kabla watoto wa wapiga mbizi hawajazeeka ilikuwa imehamia kwenye magari, viyoyozi na meza zisizokauka. Kiangazi joto hupita nyuzi 45, na kutembea kwa miguu adhuhuri si jambo analolifikiria mtu mwenye hiari. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012, uliofuata utaratibu wa Shirika la Afya Duniani, ulikuta Waqatari wazima 70 katika kila 100 wana uzito uliozidi, na 41 kati ya hao 100 wamefikia unene uliokithiri, yaani BMI (kipimo cha uzito kulinganishwa na urefu) ya 30 kwenda juu. Mwaka huohuo serikali ilianza kuifanya Jumanne ya pili ya Februari kuwa Siku ya Michezo na sikukuu ya kitaifa. Wakati huo kitengo cha upasuaji wa uzito katika Hospitali Kuu ya Hamad, iliyofunguliwa mwaka 1982 chini ya shirika la Hamad Medical Corporation, kilikuwa kinapanuka haraka, na hospitali binafsi za mjini hazikubaki nyuma.

Si kila mnene hupasuliwa. Masharti yaliyotawala dunia tangu mwaka 1991 yalitaka BMI ya 40, au 35 kwa mwenye ugonjwa unaoambatana na unene kama kisukari au presha. Mwaka 2022 vyama vya madaktari wa fani hii, kile cha Marekani na kile cha kimataifa, vililegeza: 35 bila sharti jingine, na 30 kwa mwenye kisukari. Kwa watu wa asili ya Asia kiwango hushushwa hadi 27.5, kwa kuwa miili yao hupata kisukari mapema zaidi, na hilo lina uzito Doha, mji ambao sehemu kubwa ya wakazi wake wametoka India, Nepal, Bangladesh, Sri Lanka na Ufilipino. Tena ni Doha hiyohiyo iliyoonyesha nguvu ya chakula peke yake. Katika utafiti wa DIADEM-I, uliochapishwa mwaka 2020, watu wenye kisukari kisichozidi miaka mitatu waliwekwa kwenye vinywaji maalumu badala ya chakula kwa wiki 12, kisha wakasaidiwa kurudi kwenye mlo wa kawaida na mazoezi. Baada ya mwaka, 61 katika kila 100 hawakuwa na kisukari tena, dhidi ya 12 katika kundi lililotibiwa kwa kawaida. Daktari wa upasuaji anayeujua utafiti huo hana haraka ya kisu kwa kijana ambaye kisukari chake bado kichanga.

Kabla ya tundu la kwanza

Maandalizi huanza na ini. Kwa mtu mnene sana ini hujaa mafuta, huvimba, na bawa lake la kushoto hulalia juu ya mfuko wa chakula palepale daktari anapotaka kupaona. Ini la namna hiyo likiinuliwa hupasuka na kutoa damu. Ndiyo maana mgonjwa hupewa wiki mbili za mlo mwepesi mno, mara nyingi vinywaji vya protini na supu nyembamba. Wiki hizo hazikusudiwi kumkondesha. Ini huwahi kupungua kuliko kiuno, na kamera ikiingia siku ya upasuaji, timu hujua mara moja nani alifuata masharti na nani alipita kwenye machboos, wali wa nyama wa harusi.

Pamoja na hilo huangaliwa mfuko wenyewe kwa endoskopi, ili ngiri ya kiwambo na vidonda vijulikane mapema, na bakteria wa vidonda vya tumbo, ambao ni wengi katika eneo lote la Ghuba, watibiwe. Sigara na shisha huachwa. Anayekatika pumzi usingizini huzoeshwa mashine ya kusukuma hewa. Damu hupimwa madini na vitamini, na hapa Doha ina kioja chake: mji wenye jua la mwaka mzima una upungufu mkubwa wa vitamini D, kwa kuwa watu hulikimbia jua hilo. Makala za madaktari wa Hamad kuhusu vijana waliopasuliwa zimeonyesha kuwa wengi wao walikuwa na upungufu huo hata kabla ya kuguswa.

Upasuaji wenyewe hufanywa kwa matundu madogo. Mgonjwa hufungwa vizuri mezani, miguu ikiwa imetanuliwa na kukanyaga vibao, kwa sababu meza itainamishwa kichwa juu ili utumbo na mafuta yateremke chini na kuacha nafasi wazi. Miguuni huvalishwa mifuko inayojaa na kutoa hewa, kinga ya damu kuganda, kwani donge la damu likipanda mapafuni huua haraka kuliko hitilafu nyingi za mshono. Tundu la kwanza huleta swali ambalo mtu mwembamba halileti: litobolewe wapi? Katika upasuaji mwingine kitovu ndicho alama. Kwa mtu wa kilo 160 kitovu kimeteremka na ukuta wa tumbo, na kamera ikiingilia hapo itakuwa mbali mno na sehemu ya juu ya mfuko. Basi daktari hupima kutoka ncha ya mfupa wa kifua, sentimita 15 hadi 20 kwenda chini, na kuingiza bomba lenye kamera huku akitazama tabaka moja baada ya jingine likifunguka. Gesi ya kaboni dayoksaidi hupulizwa hadi shinikizo la milimita 15 hivi za zebaki, matundu mengine matatu au manne hufunguliwa, na ndoana ya chuma huingizwa chini ya mfupa wa kifua kuliinua ini.

Kukata mfuko

Njia inayofanywa zaidi Doha, na katika Ghuba yote, ni kuukata mfuko wa chakula kwa urefu na kuacha bomba jembamba. Kwa Kiarabu cha mjini huitwa takmim. Haikuzaliwa kama njia kamili. Miaka ya 1980 mwishoni ilikuwa nusu tu ya upasuaji mkubwa uliochanganya kukata mfuko na kuhamisha utumbo. Daktari Michel Gagner na wenzake huko New York, walipoanza kuufanya upasuaji huo kwa matundu madogo mwaka 1999, waliona wagonjwa wazito kupindukia hawauhimili kwa siku moja. Wakaugawa: kwanza mfuko, utumbo baadaye. Wagonjwa kadhaa walikonda kwa hatua ya kwanza pekee, na hatua hiyo ikasimama kwa miguu yake.

Daktari huanza kwa kuutenganisha mfuko na utando wa mafuta unaoning'inia kwenye ukingo wake wa nje, mshipa mmoja baada ya mwingine, kwa mkasi unaochoma na kuziba kwa pamoja. Huanzia sentimita nne hivi juu ya pailorasi, ule mlango wa chini unaofunguka kuelekea utumbo; wapo wanaoanzia mbili na wapo wanaoanzia sita, na ubishi wao haujaisha. Anayeanzia karibu huondoa sehemu kubwa zaidi, lakini anaigusa pampu inayosukuma chakula kwenda mbele. Kadiri anavyopanda ndivyo nafasi inavyobana, hadi kwenye mishipa mifupi inayouunganisha mfuko na bandama. Mshipa mmoja ukichanika pale juu, damu hujaa mahali pasipofikika kwa urahisi. Kazi haijakamilika mpaka msuli wa kushoto wa kiwambo uonekane wazi, kwani kipande cha paa la mfuko kikisahauliwa nyuma yake kitatanuka na kuurudisha uzito.

Hapo daktari wa usingizi huteremsha mpira wa kupimia kupitia mdomoni hadi kwenye pailorasi. Mipira hii hupimwa kwa namba, na kila namba ni theluthi moja ya milimita. Namba 36 ina unene wa milimita 12. Mkato utafuata ubavu wa mpira huo, nao ndio utakaoamua bomba litakuwa jembamba kiasi gani. Kwa muda mrefu iliaminika kuwa jembamba zaidi ndilo bora. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2013, uliowakusanya wagonjwa karibu 10,000, ulikuta kwamba kutumia mpira wa namba 40 na zaidi kulipunguza kuvuja kwa mshono bila kupunguza kilo zilizopotea. Wengi tangu hapo wameacha ushindani wa wembamba, na walifanya vyema.

Kinachokata ni stepla. Babu yake alitumika Budapest mwaka 1908, mikononi mwa Hümér Hültl, na alikuwa chuma cha zaidi ya kilo tatu. Wa leo huingia kwenye tundu la milimita 12, ana taya za sentimita sita, na akifyatuliwa hupiga safu sita za pini za titani, tatu kila upande, huku kisu kidogo kikipita katikati. Kwa mfuko mmoja hutumika katriji tano hadi saba. Pini hazina urefu mmoja, na rangi ya katriji hueleza urefu wake. Sehemu ya chini ya mfuko ina ukuta mnene wa misuli na hutaka pini ndefu. Juu karibu na umio ukuta ni mwembamba na hutaka fupi. Pini fupi kwenye nyama nene haijikunji vizuri na mshono hufumuka. Pini ndefu kwenye nyama nyembamba haibani na damu hutiririka. Kabla ya kufyatua, daktari hufunga taya na kungoja sekunde kumi na tano au zaidi. Kwenye skrini huonekana maji ya nyama yakikamuliwa pembeni na ukuta ukinywea hadi unene ambao pini zimetengenezewa. Chumba hunyamaza wakati huo. Asiyejua hudhani kifaa kimekwama.

Sehemu mbili hutaka uangalifu kuliko nyingine. Ya kwanza ni kona ya katikati, pale mfuko unapopinda: stepla ikisogea karibu mno, bomba hubanwa kiuno, na mgonjwa atatapika kila anachomeza. Bomba laweza pia kujipinda endapo ukuta wa mbele ulivutwa kuliko wa nyuma, hata kama upana wake ni sawa kila mahali. Ya pili ni pembe ya juu, umio unapokutana na mfuko. Huko damu ni chache, ukuta ni mwembamba, na shinikizo la ndani ni kubwa kwa kuwa mlango wa chini bado uko salama na hufunga kama kawaida. Mishono mingi inayovuja huvujia hapo. Ndiyo maana stepla ya mwisho huachwa sentimita moja hivi nje ya umio, ingawa jicho linatamani kunyoosha mstari.

Mwishoni mshono hujaribiwa kwa rangi ya buluu au kwa hewa ya endoskopi, na wapo wanaoushonea juu yake au kuurudishia utando wa mafuta ili usijipinde. Kilichokatwa, yapata robo tatu ya mfuko au zaidi, hutolewa kupitia tundu lililopanuliwa kidogo. Kinachobaki huingiza mililita 100 hadi 150. Pamoja na nyama hiyo huondoka sehemu kubwa ya chembe zinazotoa ghrelini, homoni ya njaa iliyogunduliwa Japani mwaka 1999. Hili hueleza kwa nini wagonjwa wengi husema hawakuacha kula kwa kujizuia: hamu yenyewe haikuja.

Kuvuja hutokea kwa mgonjwa mmoja au wawili katika kila mia, na mara nyingi baada ya mgonjwa kurudi nyumbani. Dalili ya mapema ni mapigo ya moyo: mtu ametulia, hana homa, lakini moyo unapiga mara 120 kwa dakika. Ushauri wa kitabibu ni kwamba mapigo hayo yasiitwe wasiwasi mpaka CT-scan iseme hivyo. Tiba yake ni ndefu, ya antibayotiki, mirija ya kukamua usaha, vifaa vya kuziba vinavyowekwa kwa endoskopi, na wiki kadhaa za kulishwa kwa mpira.

Kuhamisha njia

Udhaifu wa bomba ni tindikali. Mfuko uliogeuzwa kuwa mwembamba na wenye shinikizo husukuma tindikali juu kwenye umio, na mwenye kiungulia kikali kabla ya upasuaji huwa na hali mbaya zaidi baada yake. Kwa huyo, na kwa mwenye kisukari cha miaka mingi, madaktari wengi hupendelea kuhamisha njia ya chakula.

Mwanzilishi wake ni Edward Mason wa Chuo Kikuu cha Iowa, mwaka 1966, aliyeona kwamba wagonjwa waliokatwa sehemu ya mfuko kwa sababu ya vidonda hawanenepi tena. Katika umbo la sasa, sehemu ya juu ya mfuko hutengwa kwa stepla kuwa kijifuko cha mililita 15 hadi 30. Utumbo mwembamba hukatwa sentimita 50 hadi 100 kutoka unapoanzia, ncha ya chini huletwa juu na kuunganishwa na kijifuko, na ncha ya pili, inayobeba nyongo na maji ya kongosho, huunganishwa tena mita moja au mita na nusu mbele. Chakula na nyongo hukutana kwa kuchelewa. Mishono ni miwili badala ya mmoja mrefu, na kuhesabu utumbo kwa matundu madogo, sentimita kumi kwa kumi kati ya koleo mbili, ni kazi inayoonekana rahisi kwenye michoro tu.

Tafiti mbili za Ulaya, moja ya Uswisi na moja ya Ufini, zilizochapishwa pamoja mwaka 2018, ziliwafuatilia wagonjwa miaka mitano. Kilo zilizopotea kwa bomba na kwa kuhamisha njia hazikutofautiana sana, lakini kiungulia kilikuwa hoja wazi dhidi ya bomba. Kuhamisha njia nako kuna bei yake. Utumbo ukivutwa juu huacha mianya nyuma yake, na mafuta yakishapungua mianya hiyo hutanuka; utumbo mwingine huweza kupenya humo na kunyongwa miaka mingi baadaye, mara nyingine katikati ya mimba. Utafiti mkubwa wa Sweden wa mwaka 2016 ulionyesha kuwa kuishona mianya hiyo siku ileile kunapunguza kurudi chumba cha upasuaji. Na kwenye mshono wa juu huota vidonda, hasa kwa wavuta shisha na kwa wanaomeza diclofenac au ibuprofen kama peremende.

Ipo na njia fupi yenye mshono mmoja wa utumbo, iliyoanzishwa na Robert Rutledge mwaka 1997. Ni ya haraka na hukondesha vizuri, ila nyongo huweza kupanda kwenye mfuko.

Mshipi

Katika historia ya vifaa vya kupandikizwa, jina la kwanza kutajwa Afrika Mashariki lingepaswa kuwa la Mitiku Belachew. Ni mzaliwa wa Ethiopia aliyesomea na kufanyia kazi udaktari Ubelgiji. Tarehe 1 Septemba 1993, katika mji mdogo wa Huy, alimwekea mgonjwa mshipi wa Lap-Band kwa matundu madogo, wa kwanza wa aina hiyo duniani. Wazo la mshipi unaoweza kulegezwa na kukazwa lilikuwa la Lubomyr Kuzmak, mzaliwa wa Ukraine aliyefanya kazi New Jersey, aliyeanza kuuweka kwa upasuaji wa wazi mwaka 1986.

Mshipi ni duara la silikoni lenye kijiputo upande wa ndani. Huzunguka sehemu ya juu kabisa ya mfuko wa chakula, na mrija mwembamba huuunganisha na kisahani kilichofichwa chini ya ngozi. Sindano ikichomwa kwenye kisahani na kuongezwa maji ya chumvi, kijiputo hujaa na njia hubanwa; yakivutwa, hulegea. Hakuna kinachokatwa, na kimsingi kila kitu kinaweza kuondolewa. Ahadi hiyo iliupeleka mshipi mbali. Marekani iliuidhinisha mwaka 2001, na hesabu ya mwaka 2008 ilikuta kuwa ulichukua asilimia 42 ya upasuaji wote wa uzito duniani.

Mahali unapokaa ndipo palipoamua kila kitu. Mwanzoni madaktari walichimba njia yake wakigusa ukuta wa mfuko wenyewe, na sehemu ya nyuma ya mfuko iliyobaki huru ilipenya juu kupitia mshipi na kunaswa. Baadaye njia ilihamishwa nje kidogo: chombo kilipitishwa kwenye utando mwembamba unaong'aa karibu na ini, kikapita nyuma ya umio mbele ya msuli wa kulia wa kiwambo, kikatokea kwenye pembe ya juu kushoto. Mafuta ya nyuma yaliachwa bila kuguswa, nayo yakaushika mshipi mahali pake. Kwa mbele, mishono miwili au mitatu iliukunja mfuko juu ya mshipi ili usiteleze, lakini si juu ya kitasa chake, kwani kitasa kikifunikwa husugua nyama hadi kuingia ndani. Juu ya mshipi ilipaswa kubaki nafasi ya mililita 15 tu.

Kisahani nacho kina kanuni zake. Hushonwa kwenye utando mgumu wa misuli ya tumbo, si kwenye mafuta, la sivyo hugeuka kifudifudi na sindano haikioni. Sindano yenyewe ni maalumu, ncha yake imepindwa ili isichimbue kipande cha silikoni. Muuguzi aliyetumia sindano ya kawaida kwa haraka ameacha tundu litakalovuja taratibu, na mgonjwa atarudi baada ya miezi akilalamika kuwa njaa imerudi. Kwenye eksirei mshipi mzuri huelekea bega la kushoto, ukifanya pembe ya nyuzi 4 hadi 58 na uti wa mgongo. Ukilala mlalo kabisa au kuelekea chini, umeteleza, na kwa mgonjwa anayetapika kila kitu hiyo ni dharura: kwanza maji huvutwa yote, kisha hufikiriwa upasuaji.

Kufikia 2011 sehemu ya mshipi duniani ilikuwa imeshuka hadi asilimia 18, na haikusimama. Wengi hawakukonda vya kutosha. Kwa wengine uliteleza, ulipenya ndani ya mfuko, au umio ulitanuka juu yake. Halafu mshipi hutaka kliniki ya karibu ya kuukaza na kuulegeza kwa miaka, na mgonjwa aliyeuwekewa Beirut au Cairo kisha akahamia Doha kikazi alikuwa na kifaa bila fundi. Leo mshipi unapotajwa katika hospitali za Ghuba mara nyingi ni wa kutolewa. Kazi hiyo ina ugumu wake: mwili umeujengea mshipi ganda la kovu, na ganda hilo lazima likatwe nalo, kwa sababu stepla ikipita juu yake pini hazifungi. Madaktari waangalifu hutoa mshipi kwanza, wakangoja miezi mitatu hivi uvimbe utulie, ndipo wakate bomba au kuhamisha njia.

Puto

Puto haliingii kwenye upasuaji kwa maana halisi, lakini ndilo kifaa kinachosikika zaidi sasa hata Afrika Mashariki: Hospitali ya Taifa Muhimbili, tawi la Mloganzila, imekuwa ikiweka maputo tangu mwanzoni mwa muongo huu. Puto la kawaida huteremshwa likiwa limekunjwa kwa endoskopi, likajazwa maji ya chumvi mililita 400 hadi 700 yaliyotiwa rangi ya buluu. Rangi ina kazi: puto likipasuka, mkojo hubadilika rangi na mgonjwa huwahi hospitali kabla ganda halijateremka na kuziba utumbo. Baada ya miezi sita hutolewa. Lipo jingine linalomezwa kama kidonge kikubwa chenye mrija, huhakikishwa kwa eksirei kuwa limefika, hujazwa mililita 550, na baada ya wiki 16 hivi hujifungua lenyewe na kutoka kwa njia ya haja.

Siku tatu za kwanza ni za kichefuchefu kikali, na wapo wanaoomba litolewe. Uzito hupungua, kisha kwa wengi sehemu yake hurudi puto likishatoka. Mwaka 2017 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa tahadhari baada ya vifo kadhaa vya watu waliowekewa maputo, kwa hiyo wanaolitangaza kama huduma ya saluni wanakosea. Mahali pake palipo na faida ya wazi ni kwa mtu mzito kupindukia anayehitaji kupunguza kilo kadhaa ili upasuaji wa kweli uwe salama.

Baada ya mshono

Mgonjwa wa bomba hutembea jioni ileile na wengi hurudi nyumbani baada ya siku moja au mbili. Kwa wiki mbili hunywa tu, kwa funda ndogo. Chakula cha kuponda hufuata, kisha kigumu mwezi ukishapita. Hatari ya Doha ni kukaukiwa maji. Mfuko mdogo haupokei glasi nzima kwa mkupuo, na katika joto la Julai lita moja na nusu kwa siku hutaka kukumbukwa kila nusu saa. Kwa mlinzi au fundi anayefanya kazi nje, wakiwemo Wakenya, Waganda na Watanzania wengi wa mji huo, hilo pekee lingetosha kuahirisha upasuaji hadi Novemba.

Protini hulengwa gramu 60 hadi 80 kwa siku. Vitamini ni za maisha: B12, madini ya chuma, chokaa, vitamini D. Anayetapika mfululizo hupewa thiamini kwa sindano kabla ya dripu ya sukari, kwani ukosefu wake hudhuru ubongo kwa siku chache, na sukari huuharakisha. Dawa za kisukari na presha hupunguzwa mapema, mara nyingine kabla ya kutoka wodini. Kukonda haraka huleta mawe ya nyongo, na vituo vingi hutoa dawa ya kuyazuia kwa miezi sita. Wanawake hushauriwa wasishike mimba kwa mwaka au mwaka na nusu, na baada ya kuhamishwa njia wasitegemee vidonge vya uzazi wa mpango, kwa sababu havinyonywi vizuri.

Ramadhani huulizwa mapema, hata kabla ya tarehe ya upasuaji kupangwa. Ushauri wa wengi ni kutofunga katika mwaka wa kwanza, na kwa hakika si katika miezi ya mwanzo. Mgonjwa ana ruhusa ya dini na swaumu italipwa. Mwaka unaofuata wengi hufunga, lakini futari yao si ile ya zamani. Tende tatu na glasi ya Vimto, mazoea ya kila nyumba ya Ghuba, kwa aliyehamishwa njia huleta jasho, moyo kwenda mbio na kizunguzungu ndani ya nusu saa, maana sukari yote imemwagikia utumbo kwa mkupuo. Kwake huanza maji kwa funda, tende moja, kisha supu na nyama laini. Mlo wa pili huja baada ya tarawehe, na daku huwa ya mayai au mtindi. Vidonge hugawanywa usiku uleule: vya madini ya chuma wakati wa futari, vya chokaa wakati wa daku, kwa kuwa vikimezwa pamoja kimoja huzuia kingine kunyonywa.